Hewa ya wizi

Ringi za pistoni za pikipiki yangu hazikuwa na kosa lolote. Naanza na hilo kwa sababu mafundi wawili, mmoja wa Msamvu na mwingine wa Kihonda, zote hapa Morogoro, waliniapia kwamba nisipofungua injini nitaiua. Wa Kihonda alishaanza hadi kutafuta spana.

Pikipiki ni ya Kichina, cc 150, injini ya ule muundo wa Honda CG. Naendea kazini Mzumbe kila siku. Kabureta yake ya zamani ilianza kuvujisha petroli, nikanunua mpya kwa elfu arobaini na kitu na kuifunga mwenyewe. Kufunga kabureta hakuna maajabu. Ila hii mpya ilikuja na kijibomba kimoja ambacho ya zamani haikuwa nacho, chembamba kama kalamu, karibu na pale inapokutana na manifoldi, lile bomba la kupeleka hewa na petroli kwenye injini. Kilikuwa kimevishwa kikofia cheusi cha mpira. Nikajisemea hicho ni cha kuzuia vumbi njiani, nikakichomoa, nikakitupa. Na nafundisha fizikia.

Tangu siku hiyo chombo kikaingiwa na wazimu. Nikiachia resi haishuki, inabaki inalia juu juu, kisha inateremka inapojisikia. Kwenye mteremko egzosi inapiga pa! pa! hadi kuku wa watu wanatawanyika. Plagi nikiitoa, nyeupe kama imepakwa chokaa. Skrubu ya sailensi, ile ya kupanga mzunguko wa injini ukiwa hujavuta resi, niliilegeza mpaka ikakaribia kudondoka, wapi.

Nilikuja kugundua usiku, injini inaunguruma, mke wangu ananishikia tochi ya simu huku analalamikia moshi. Napapasa kutafuta skrubu, kidole gumba kikatua juu ya kile kijibomba. Injini ikatulia papo hapo. Nikatoa kidole, ikapanda. Nikarudisha, ikashuka, na kidole kinanyonywa kama na ndama.

“Mama Neema, umeona?”

“Nimeona nini, kidole?”

Kijibomba hicho kiko upande wa injini, ng'ambo ya pale resi inapofungia. Injini ikivuta pumzi mvuto unakuwa mkali hapo, na ikikuta tundu wazi inajivutia hewa ambayo haijapita kwenye petroli. Hewa ya wizi. Kuna pikipiki ambazo koki yake ya mafuta hufunguliwa na mvuto huo, na mpira wake huchomekwa hapo. Yangu koki ni ya kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo kijibomba hakina kazi na kinatakiwa kizibwe tu.

Kuziba tu! Kijana mmoja wa bodaboda akanishauri, “Ticha, chomeka kijiti cha kiberiti na bablishi, mbona rahisi.” Nikakataa. Kitu chochote unachosukumia ndani ya tundu lile, siku kikilegea kinamezwa na injini. Ziba kwa nje.

Mimi nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakikunja na kukifunga kwa waya. Kikafanya kazi vizuri siku kama tisa hivi, nikatembea kifua mbele. Kumbe mvuke wa petroli unakila taratibu. Siku nilipokishika kilikuwa kimevimba na kulainika kama andazi lililolala kwenye chai.

Hapo nikafanya ujinga mkubwa zaidi. Nilipokuwa nabadilisha tyubu, nikaona vijibomba vingine viwili pembeni mwa kabureta, navyo viko wazi. Nikajiambia, leo namaliza kazi. Nikaziba vyote. Ikawaka kwa mkupuo mmoja, nikavaa helmeti na kuondoka. Nilipofika Sangasanga, njiani kwenda Mzumbe, ikakohoa, ikazima. Nikasubiri kidogo, ikawaka. Mita mia kadhaa, ikazima tena. Nikafungua mfuniko wa tanki nikidhani limekosa pumzi, wapi. Wanafunzi wangu wawili wakapita kwenye bodaboda: “Shikamoo mwalimu!” Nikaitikia nimepiga magoti kwenye vumbi, na tai nimevaa. Nilipochomoa zile tyubu za pembeni ndipo ikakubali kwenda. Vile vijibomba ni vya bakuli la kabureta kupumulia. Ukiviziba, petroli haiendi inavyotakiwa, maana bakuli halina pa kupumulia. Usiviguse. Na kile cha chini kabisa chenye skrubu ni cha kumwagia petroli, nacho kiache.

Dawa iliyokubali ni mpira wa mafuta wenyewe, ule wa kutoka kwenye koki, ambao umeumbwa kukaa na petroli. Nilinunua wa elfu moja hivi, nikakata kama sm 3 na kuuloweka kwenye maji ya moto ya chai ili uteleze ukipanda. Upande wa pili nikachomeka bolti, na hapa mnisikilize: tafuta bolti yenye shingo laini, isiyo na meno mpaka kichwani. Ile shingo ndiyo izibe. Meno yamezunguka kama ngazi, na hewa inapanda ngazi hiyo kimya kimya. Mimi nilianza na bolti yenye meno matupu, nikasikia filimbi nyembamba nisijue inatoka wapi. Klipu mbili, moja kila upande, kwisha.

Nikapiga stati. Ikazima. Nikakaribia kulia, mpaka nikakumbuka kwamba skrubu ya sailensi niliilegeza yote wakati ule wa wazimu. Nikaikaza mizunguko kadhaa na kurekebisha ile ya hewa kwa kusikiliza, ikatulia tuli. Plagi sasa ina rangi ya kahawia, kama ganda la karanga.

Juzi nikampitia fundi wa Kihonda nikamwonyesha ile bolti. Akaichungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni. “Mwalimu, si nilikwambia inavuta hewa?”