Mradi wa kufukua mafaili yaliyofichwa, wikiendi ya tatu sasa

Jumamosi ya kwanza

Huu mradi wala sikuupanga. Dada kaniletea flashi yake ya GB 16 anasema picha zote zimefutika, nachomeka nakuta shortkati tupu, kila folda imegeuka shortkati, ila nikicheki propati inasema GB 11 zimetumika. Sasa GB 11 za nini kama hamna kitu? Nikamwambia dada picha zako zipo, zimefichwa tu, akaniangalia kama mganga. Vairasi wa hivi hafuti, anaficha folda zako halisi halafu anaweka shortkati zenye majina yaleyale ili ukiklik umwashe mwenyewe kwa mkono wako.

Kwanza nikaskani flashi, nikaskani na laptopu yake, maana ukifukua wakati jamaa bado yuko hai unatwanga maji kwenye kinu. Halafu nikafungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, nikapiga attrib, amri ya kubadili alama za faili (-h inatoa alama ya kufichwa, -s ya mfumo, E: ni flashi, /s ni hadi folda za ndani):

attrib -h -s E:\*.* /s

Nikasubiri, nikarudi kwenye flashi, patupu vilevile. Nilisahau /d. Bila hiyo attrib inashughulika na mafaili tu, folda inaziruka, kwa hiyo picha zilikuwa zimeshafunuliwa lakini ziko ndani ya folda ambazo zenyewe bado zimefichwa, ni kama umewasha taa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Nikarudia:

attrib -h -s E:\*.* /s /d

Hapo folda zikaanza kuchomoza. Moja haikuwa na jina kabisa, ikoni tu, jina lake lilikuwa herufi ya nafasi isiyoonekana, nikapiga F2 nikaiandika PICHA. Na -h na -s lazima ziende pamoja, nilijaribu -h peke yake kwanza nikajibiwa "Not resetting system file", yaani alama ya mfumo ikiwepo haikubali uguse ya kufichwa.

Usiku nikasoma inavyofanya kazi, hii ndo sehemu niliyoipenda. Kwenye FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye flashi nyingi, kila faili ina walau mstari mmoja wa baiti 32 ndani ya folda yake, na baiti moja kati ya hizo ni ya alama tu: 1 ni kusoma tu, 2 ni kufichwa, 4 ni mfumo, 16 inasema hii ni folda. Kwa hiyo folda ya dada ilikuwa inasomeka 22 (16+2+4), mimi nimeirudisha 16. Makelele yote yale ni tofauti ya 6.

Jumapili

Dada anauliza mbona jana kwenye laptopu yake aliweka tiki ya kuonyesha vilivyofichwa na hakuona kitu. Jibu ni kwamba ile tiki inaonyesha vyenye h, vyenye h na s pamoja vina swichi yake ya pembeni. Nikaziweka zote mbili kwenye rejistri, ghala la seting za Windows, ili zibaki hata ukizima mashine:

reg add HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced /v Hidden /t REG_DWORD /d 1 /f

ya pili ileile ila badala ya Hidden andika ShowSuperHidden. Angalia hapo, Hidden ikiwa 1 inaonyesha, ikiwa 2 inaficha, sio 0 kama nilivyodhani. Kisha uiue explorer, programu inayoonyesha folda, kwa amri ya taskkill uiwashe tena. Hii inamhusu yuza mmoja tu, ukiingia na akaunti nyingine unaanza upya.

Jumatano

Nimejiponza. Nikasema ngoja nifukue na folda yangu ya yuza, nikapiga attrib -r -h -s /s /d bila kufikiri, asubuhi nakuta folda za picha na muziki zimepoteza ikoni zake zimekuwa za njano tu, na desktop.ini, vifaili vya siri vinavyobeba ikoni ya folda, zimejaa kila kona. Windows inaisoma desktop.ini pale tu folda ikiwa na alama ya r (kusoma tu) au s, na mimi nimezifagia zote. Nimetumia jioni nzima kurudisha attrib +r kwenye folda moja moja na +h +s kwenye desktop.ini. Kwenye flashi fukua utakavyo, kwenye C: badilisha macho yako, yaani seting ya kuonyesha, mafaili yaache.

Wikiendi ya pili, Linux

Huku hakuna alama kwenye faili, jina likianza na nukta limefichwa basi. Rob Pike, mmoja wa watu wa Unix kule Bell Labs, alieleza mwaka 2012 kwamba ilikuwa bahati mbaya ya zamani kwenye Unix, mfumo ambao Linux imeuiga, walitaka ls (amri ya kuorodhesha mafaili) iruke . na .. (folda yenyewe na ya juu yake) wakaandika njia ya mkato ya kuangalia tu kama herufi ya kwanza ni nukta, ikameza kila kitu chenye nukta na watu wakaizoea. Mimi nimeweka hizi kwenye .bashrc, faili ya seting za terminali:

alias ls='ls -A'
shopt -s dotglob

Ya pili ndo muhimu kuliko ya kwanza, bila hiyo cp * (nakili vyote) inaacha mafaili ya nukta, na bakapu yangu ya mwezi uliopita haikuwa na .config hata moja, nimegundua leo. Kwa programu za madirisha hapohapo Linux ni gsettings set org.gtk.gtk4.Settings.FileChooser show-hidden true. Nilianza na ile ya zamani isiyo na gtk4, ikakubali bila kulalamika na hakuna kilichobadilika.

Wikiendi ya tatu, Mac ya kuazima

defaults write com.apple.finder AppleShowAllFiles -bool true
killall Finder

Fupi. Folda ya Library ina bendera yake, unaitoa na chflags nohidden ~/Library. Ila .DS_Store, vifaili ambavyo Finder (programu ya folda ya Mac) inaviacha kwenye folda, zimejaa kila mahali, na mwenye Mac kaniuliza "we umeniwekea nini humu", nikarudisha false nikamwonyesha Cmd+Shift+nukta awe anawasha akihitaji.

Jana dada naye kapiga simu, anataka kufuta desktop.ini mbili zilizo deskitopu, anasema zinamchafulia. Nimemrudishia ShowSuperHidden kuwa 0. Yangu naiacha 1.