Sledi ya msumeno wa meza na mkato wa tano

Droo ndiyo iliyonichosha. Nilikata vipande vyake kwa kile kiongozi kidogo cha kusukumia ubao kilichokuja na msumeno wa meza, nikaviunga, nikapima kona kwa kona: tofauti ya milimita 3, yaani kona hazikuwa nyuzi 90. Kiongozi chenyewe kimeshikwa na chuma kimoja kifupi ndani ya mfereji mmoja, kwa hiyo ubao ukiwa mrefu huyumba. Nikaamua kujitengenezea sledi, yaani kibao kinachoteleza juu ya meza kikiubeba ubao hadi kwenye bledi, kile kisu cha duara cha msumeno.

Umbo lake ni jepesi kueleweka. Kitako cha sledi yangu ni plaiwudi ya milimita 12, chini kina reli mbili zinazoteleza kwenye mifereji ya meza, juu kina egemeo, yaani ukuta mfupi wa kuegemeza ubao, mbele na jingine nyuma. Bledi inajikatia njia katikati, na kwa kuwa ufa huo una upana uleule wa bledi, nyuzi za chini za ubao hushikiliwa hadi zinapokatwa. Plaiwudi iliyokuwa ikinyofoka kingo sasa inatoka safi.

Kabla ya yote pima kama bledi imekaa sambamba na mifereji. Weka alama jino moja, pima likiwa mbele, zungusha, pima tena likiwa nyuma. Meza ikikosea hapo, sledi haitaiponya.

Reli nilichonga kwa mbao ngumu, nikazipunguza kwa msasa pale tu zilipong'aa kwa msuguano. Nikaweka washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati) ndani ya mifereji ili zijitokeze kidogo juu ya meza, nikapaka gundi, nikalaza kitako juu yake.

Kazi kubwa iko kwenye egemeo la nyuma, lile la upande wangu, ambalo lazima likae nyuzi 90 na bledi. Skwea ya mkononi haitoshi, kwa sababu ni fupi na jicho halioni sehemu ya kumi ya milimita. Nilifunga ncha moja kwa skrubu moja, nyingine nikaibana kwa klempu. Nikachukua ubao wa mraba wa kama milimita 400, nikakata upande mmoja, nikauzungusha ubao ili upande uliokatwa uguse egemeo, nikakata unaofuata, hivyo hivyo hadi pande zote nne. Mkato wa tano unarudi upande wa kwanza na kutoa kijiti chembamba. Kosa lote limejikusanya humo mara nne.

Kijiti changu kilitofautiana unene milimita 0.8 kati ya ncha na ncha. Gawa kwa 4: kosa ni 0.2 katika urefu wa 400. Toka skrubu hadi klempu kuna 600, basi nisogeze 0.3. Nilisogeza upande usio sahihi, na kijiti cha pili kikaonyesha 1.6 kamili. Nilifurahi sana, maana hesabu ilikuwa ikisema kweli. Nikarudisha 0.6 kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi magari hupimia mwanya wa valvu. Kijiti cha tatu: 0.04.

Egemeo hilo usiligundishe kamwe, skrubu tu, kwani mbao hucheza na siku moja utalirekebisha. Ukingo wake wa chini nilichonga mshazari kidogo ili unga wa mbao upate pa kukaa. Chembe moja ikikwama pale, kipimo chote kimeharibika. Chini ya kitako nikapaka nta.

Sasa vidole. Kinga ya bledi haikai juu ya sledi, na mwisho wa mkato meno hutokeza nyuma ya egemeo, palepale kiganja kinapopenda kushika. Nimeunga hapo gogo nene ili meno yafichike ndani yake, na kulipaka rangi nyekundu. Tafadhali usiache hatua hii hata kama una haraka ya kujaribu.

Droo nimeikata upya, milimita 400 kwa 320, huku kibao cha kuzuia kikiwa kimebanwa kwenye egemeo ili vipande pacha vilingane. Kona kwa kona: 512 na 512.