Kulegeza Demani: Upepo, Umeme na Haidrojeni

Mwezi wa Julai, Kusi ikiwa imekolea, nilivuka kutoka Manda kuja Lamu pamoja na mjomba wangu, nahodha tangu ujana wake. Kila dharuba ilipopiga alilegeza demani, ile kamba ya kuongozea tanga, kiasi cha shubiri moja, na ilipopita akaivuta tena, hata mashua ikawa inakwenda mwendo mmoja ilhali upepo wenyewe haukuwa mmoja. Tangu siku hiyo, nikiulizwa jinsi haidrojeni inavyoweza kutuliza umeme wa upepo, naanzia kwenye kamba ile.

Shida ya umeme huu ni kwamba nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi yake: upepo ukishuka kutoka mita 10 kwa sekunde hadi 8, karibu nusu ya nguvu imepotea. Hapo ndipo mtambo wa kutenganisha maji unapofaa. Umeme hupitishwa majini, haidrojeni ikatoka upande mmoja na oksijeni upande wa pili, na ulaji wa mtambo huongezwa dharuba inapoingia na kupunguzwa upepo unapolegea, ili umeme unaokwenda majumbani usiyumbe. Mitambo ya utando, yaani yenye ngozi nyembamba kati ya pande hizo mbili, hufuata mabadiliko hayo kwa sekunde chache. Ile inayotumia maji yaliyotiwa alkali, ambayo ni ya zamani zaidi, haifai kushushwa mno, kwa sababu gesi hizo mbili huanza kuchanganyika, na mchanganyiko wake hulipuka.

Hatari hiyo aliijua vizuri Poul la Cour, mwalimu wa Askov nchini Denmark, aliyejenga kinu chake cha umeme mwaka 1891. Alibuni kifaa cha kusawazisha mzunguko wa kinu, akakiita kratostati, kisha kuanzia 1895 hadi 1902 akaiangaza shule kwa taa za haidrojeni. Mara kadhaa oksijeni kidogo ilijipenyeza ndani ya haidrojeni, na madirisha ya shule yakalazimika kuwekwa upya. (Wanafunzi wake sidhani kama walisinzia darasani.)

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoiona haidrojeni kama betri kubwa. Kilo moja hula takriban kilowati-saa 50 hadi 55, na ukiigeuza tena kuwa umeme unarudishiwa kama theluthi tu. Kisiwa cha Utsira nchini Norwei kilijaribu njia hiyo kwa nyumba 10 kuanzia mwaka 2004, na taa ziliwaka hata upepo ulipolala. Lakini kwa mtikiso wa dakika chache betri ni nafuu zaidi. Gesi hiyo ningependa iende kwenye amonia ya mbolea, mahali ambapo haihitaji kurudi kuwa umeme.

Mjomba alinisikiliza mpaka tukafika gatini, kisha akauliza, “Na maji hayo, mwanangu, mtayateka wapi?” Swali lilikuwa zito, kwani mji wetu hunywa maji ya visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, na kilo moja ya haidrojeni haitoki bila lita 9 za maji safi. Nilimjibu kwamba yatoke baharini: kuyaondoa chumvi maji ya kilo hiyo hakufikishi hata sehemu moja ya mia ya umeme unaoyapasua. Akaifunga kamba, akaniuliza chumvi yenyewe nitaimwaga wapi.