Vijana na ibada: tunapima nini hasa?

"Vijana wa siku hizi hawasali" ni kauli inayochanganya mambo manne: kujitambulisha na dini, kuhudhuria ibada, kusali kila siku, na kuiona dini kuwa muhimu sana maishani. Hayashuki kwa pamoja. Ripoti ya mwaka 2018 ya Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, ililinganisha watu wazima walio chini ya miaka 40 na waliobaki. Katika nchi 46 kati ya 106, vijana ndio waliosema kwa uchache zaidi kwamba dini ni muhimu sana kwao. Nchi mbili tu zilionyesha kinyume: Ghana na Georgia (ile ya Kaukazi, si jimbo la Marekani).

Kosa la kawaida ni kumlinganisha kijana wa leo na baba yake wa leo. Huenda baba naye akiwa na miaka 20 alikuwa haonekani kwenye ibada, akarudi alipopata watoto. Linganisha watu wa umri uleule katika miaka tofauti, kisha fuatilia kila rika linavyozeeka. Kwa Uingereza, watafiti David Voas na Alasdair Crockett walionyesha mwaka 2005 kwamba kinachoshusha dini ni kila rika jipya kuanza na kiwango cha chini kuliko lililotangulia. Wazazi wote wawili wakiwa washika dini, uwezekano wa mtoto kurithi dini yao ni kama nusu. Akiwa mmoja tu, robo hivi.

Watu wakijibu wanahudhuria ibada mara ngapi, punguza kidogo: hupenda kujiongezea. Ukiweza, hesabu vichwa kwenye ibada yenyewe.