Pete Iliyombana Mwanangu Koo

Mwanangu alipofikisha miezi minane, kadi yake ya kliniki ilikuwa imejaa neno moja: pumu. Tulipewa dawa za kifua, tukapewa mvuke, tukarudi nyumbani Mbagala, na mlio wa kupumua uko pale pale. Usiku alilala amekunja shingo kwa nyuma, kidevu juu. Nikimnyoosha anaamka akihema. Tulipomwanzishia ndizi za kuponda, karibu kila kijiko kilimpalia.

Daktari wa watoto tuliyepelekwa kwake baadaye ndiye wa kwanza kuuliza, "Mama, akilala shingo yake inakaaje?" Nilipomweleza, akaweka kalamu chini.

Alianza na eksirei ya kunywa bariamu. Ile dawa nyeupe ilipokuwa ikishuka, umio, yaani njia ya chakula, ulionekana umebonyea kwa nyuma, kama kuna kitu kimeuegemea. Eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha vyumba vya moyo na valvu zake viko sawa. Lakini mawimbi ya eko hayapenyi vizuri penye hewa, na tatizo lenyewe lilikuwa limejificha kwenye njia ya hewa. Ndipo tukaandikiwa siti skani ya mishipa ya damu.

Alifungishwa kula, akachomwa sindano ya usingizi, kisha dawa ya kung'arisha mishipa ikapitishwa kwenye kile kimkono chake. Kupigwa picha kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi. Kungoja majibu ndiko kulikonichosha.

Daktari alinigeuzia kioo cha kompyuta. "Huu ni aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Kwa kawaida una tao moja, linapindia kushoto. Wa mwanao una matao mawili." Akaizungusha picha taratibu. Tao moja lilipita mbele ya koo la hewa, jingine nyuma ya umio, yakakutana mgongoni. Pete kamili! Tumboni kila mtoto huanza na matao pande zote mbili, akanieleza, na la kulia hutoweka. La mwanangu halikutoweka. Kisha akanionyesha koo lenyewe kwa vipande: juu duara, chini duara, katikati limebaki ufa mwembamba. Nililia pale pale. Nilishukuru pia, maana sasa tulijua tunapambana na nini.

Alinitia moyo kwamba operesheni ya namna hii si ngeni; daktari mpasuaji Robert Gross aliifanya Boston, Marekani, mwaka 1945. Wetu alipasuliwa ubavuni, wakakata tao la kushoto lililokuwa dogo, bila kuusimamisha moyo.

Mlio haukuisha siku ile. Koo lililobanwa tangu tumboni huwa limelegea, na huchukua miezi kukaza; hilo tuliambiwa mapema. Lakini kupaliwa kulikoma, na ndizi akazimaliza.

Niliomba nakala ya picha kwenye CD, nikaipeleka kwa mganga wa zahanati yetu. Aliitazama kwenye kompyuta yake, akanihoji kuhusu ile shingo na kile chakula, akiandika, mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugonga mlango.