Harufu ya maji

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye Ayubu 14, mstari wa 7 mpaka wa 9, pale anaposema mti uliokatwa bado una tumaini la kuchipuka, kwa sababu nina mzeituni mdogo naulea kwenye chungu na nusura niuue kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa kuupenda.

Ulianza majani kuwa njano, yakawa yanadondoka moja moja, halafu ncha za matawi zikalegea. Nikaona kiu hiyo, nikamwagilia, kesho yake bado umelegea nikaongeza, ikawa asubuhi maji jioni maji na maombi juu, kumbe sijawahi hata siku moja kuingiza kidole kwenye udongo. Siku nilipoingiza kikazama kama kwenye tope, na kikatoka na harufu ya uozo.

Nikaung'oa wote. Mzizi mzima ni mgumu na una rangi hafifu, ila yangu mingi ilikuwa myeusi, ukiivuta ganda linavuka unabaki na uzi tu mkononi. Tundu la chini ya chungu limeziba. Mizizi nayo inahitaji hewa jamani, ikikaa kwenye maji inaoza, na mzizi uliooza haunywi, ndo maana juu mti unaonekana una kiu wakati chini unazama.

Hapo moyo wangu ukachomwa. Ndugu amepoa, ibadani haonekani, na sisi tunamtumia mistari, tunamwambia aongeze maombi, afunge, aje mkesha, yaani tunamwagilia tu. Nani ameingiza kidole kwenye udongo wake? Labda ana uchungu wa miaka, labda tumemtumikisha mpaka kaishiwa pumzi. Hata yule mtunza shamba wa mfano wa Luka 13, aliyeambiwa aukate mtini usiozaa, hakukimbilia samadi, alitaka kwanza auchimbulie ule mtini pembeni.

Basi nikakata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, nikapunguza matawi makavu, nikazibua tundu, nikaurudisha kwenye udongo wenye mchanga mwingi wa chenga. Mbolea hapana, mizizi ilikuwa na vidonda. Nikauweka penye mwanga mwingi na maji nikawa sitii mpaka udongo wa juu ukauke kina cha vidole viwili. Kusubiri kule kulinitesa kuliko kazi yote. Nilikuwa nakwangua gome kidogo kwa ukucha, nikikuta kijani chini yake najua bado mzima, nikikuta kahawia kavu tawi hilo nalikata.

Ayubu anasema hata mzizi uzeeke ardhini na shina life, kwa harufu ya maji mti utachipua. Harufu wapendwa, hajasema gharika! Najua aliyasema akilia, akiona mtu akilala haamki tena, lakini sisi tunaomjua Aliyefufuka tunayasoma na tumaini ambalo yeye alikuwa analitafuta gizani.

Juzi asubuhi nimeona pale shina linapokutana na udongo vichipukizi viwili, vidogo kama punje za mchele, chini vina ule weupe wa fedha. Nikachuchumaa hapo nikashukuru.

Halafu kuna dada mmoja nilikuwa namtumia mistari kila siku na hajibu. Nikampigia, nikamuuliza tu siku hizi unalala? nikanyamaza. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kuongea.