Nilivyokokotoa umeme, kemia na mkazo ndani ya chembe moja ya betri

Wengi wakitaka kuigiza betri ya lithiamu kwa kompyuta hurukia betri nzima. Mimi nilichukua chembe moja tu ya elektrodi chanya, tufe la oksidi ya manganizi lenye nusu kipenyo cha maikromita 5. Kila kitu kimo humo: mkondo wa umeme unaleta ioni za lithiamu kwenye uso wa chembe, ioni zinasambaa kwenda katikati, chembe inavimba, na kuvimba huko kunazaa mkazo unaorudi kuzisukuma ioni zenyewe.

Kilichonivusha ni umbo la tufe. Ukichukulia kwamba ugumu wa mada haubadiliki na uvimbe ni mdogo, mkazo wa wastani mahali popote ndani ya chembe unategemea tu tofauti kati ya ukolezi wa pale (wingi wa lithiamu katika kila kipande cha ujazo) na wastani wa chembe nzima. Ukiuingiza kwenye mlinganyo wa mtiririko, hesabu yote ya mkazo inabaki kizidisho kimoja: D, yaani kipimo cha wepesi wa ioni kusambaa, inakuwa D(1 + θc), ambapo c ni ukolezi na θ ni namba inayotokana na sifa za mada. Nilirudia hesabu hii kwa kalamu hadi nikaridhika, maana ilionekana rahisi mno. Kwa moduli ya Young (kipimo cha ugumu wa mada) ya gigapaskali (GPa) 10, uwiano wa Poisson (jinsi mada inavyosinyaa ubavuni ikivutwa) wa 0.3 na ujazo wa moli (nafasi inayoongezwa na moli moja ya lithiamu) wa 3.5 × 10⁻⁶ m³/mol, θc hufika kama 0.36 chembe ikijaa. Yaani mkazo unaharakisha usambaaji kwa zaidi ya theluthi. Hilo halipuuziki.

Programu niliandika kwa Python. Nililigawa tufe katika matabaka na kuhesabu kinachoingia na kutoka kila tabaka. Kwa njia hiyo huhitaji kugawanya kwa sifuri pale katikati. Mbinu ya kusonga mbele moja kwa moja, inayokokotoa hatua ijayo ya muda kwa kutumia hali ya sasa tu, niliiacha mapema, kwa sababu ukipunguza unene wa tabaka kwa nusu, hatua ya muda lazima ishuke hadi robo. Nikatumia BDF, mbinu inayovumilia hatua kubwa za muda, iliyomo kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python.

Kabla ya kuchora grafu yoyote nilijumlisha lithiamu ya matabaka yote na kuilinganisha na chaji iliyopita ikigawanywa kwa 96,485, idadi ya kulombu (kipimo cha chaji) kwa kila moli. Zisipolingana, usiendelee, hata kama mchoro unapendeza.

Betri inapochajiwa, lithiamu inatoka kwenye elektrodi hii. Uso unasinyaa wakati ndani bado kumejaa, hivyo uso unavutwa, na nyufa zinaweza kuanzia hapo, kama udongo wa mbuga unavyopasuka kiangazi. Lithiamu inapoingia, mvuto unahamia katikati.

Volteji ndiyo ilinishangaza. Mkazo wa megapaskali (MPa) 100 unaisogeza kwa milivolti 3.6 hivi, kiasi ambacho kwenye mchoro wa kuchaji hukioni. Kwa hiyo anayetafuta volteji peke yake anaweza kuuacha mkazo nje bila wasiwasi. Anayetafuta nyufa hawezi.

Sasa nimehamia silikoni, ambayo ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 300 ikijaa lithiamu. Huko θ haina kazi tena, kwa kuwa uvimbe si mdogo hata kidogo, na mlinganyo wa mkazo inabidi utatuliwe wenyewe, hatua kwa hatua, sambamba na ule wa usambaaji.